Fungu la Shangazi: Wanawake Waliouliza "Na Mimi?" Kutoka Mombasa Hadi Sigalame

 

Ramadhani iliyopita kumi la mwisho nililifunga nyumbani, Sigalame. Kwa wasioijua, Sigalame iko huku Samia, upande wa Funyula, kusini mwa mji wa Busia. Mpaka wa Uganda ni jirani na ziwa haliko mbali. Waislamu sisi si wengi. Tunajuana kwa majina, na msikiti ukikosa mtu mmoja Ijumaa, watu wanauliza yuko wapi.

Babu yetu alifariki miaka miwili iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha mke, yaani bibi yangu, wana watatu wa kiume na binti mmoja. Aliacha pia shamba la eka 8. Sasa siku hiyo, mwezi 22 wa Ramadhani, akaja mpima mashamba, yule tunayemwita saveya, pamoja na liguru wa kijiji. Wakatembea na kamba yao, wakaweka alama za mawe. Shamba likakatwa vipande vitatu. Vitatu! Kila mwana wa kiume na chake, na bibi akaambiwa atakaa kwa mwanawe mdogo.

Shangazi yangu alikuwepo. Alikuwa amekuja kutoka Busia na mfuko wa sukari na tende za futari. Yeye huuza omena na vitenge sokoni, na nikisema ukweli, karo yangu ya kidato cha tatu na cha nne aliilipa yeye. Aliposimama pale kando ya migomba akitazama mawe yakichimbiwa, aliuliza neno moja tu: "Na mimi?"

Watu wakacheka kama wanaocheka mzaha. Ami yangu mkubwa akamjibu kwa upole, wala hakumtukana: "Dada, wewe uliolewa. Shamba lako liko kwa mumeo." Lakini pale wote tulijua kwamba kwa mumewe hana kitu. Mume alipofariki aliambiwa arithiwe na shemeji, kama ilivyo desturi hapa kwetu. Akakataa. Basi akaondoka na watoto wake na godoro.

Nilikuwa nimesimama hapohapo. Mimi ndiye niliyehifadhi Surat An-Nisaa kwa viboko vya maalim, mimi ndiye ninayeitwa kusoma kwenye hitima. Sikusema neno. Na sababu ya kunyamaza kwangu ninaijua vizuri: kipande cha baba yangu kesho ni changu.

Niliporudi chuoni nikaanza kusoma, si kwa ajili ya mtihani. Nilitaka kujua ni nani mwingine kabla ya shangazi aliwahi kusimama mbele ya watu akauliza "na mimi?" Haya ni baadhi ya niliyoyapata.

Wa kwanza yuko Madina. Baada ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, sahaba Sa'd bin Rabi' aliuawa shahidi. Aliacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake Sa'd akaja akachukua mali yote, maana ndivyo Waarabu wa zama zile walivyozoea: anayerithi ni mwanamume anayeweza kubeba silaha. Mama yule hakukaa ndani akalia. Aliwashika mabinti zake mkono akaenda nao kwa Mtume (s.a.w.), akamweleza kwamba baba yao amekufa vitani na ami yao hakuwaachia chochote, na mabinti wasio na mali hawataolewa. Mtume akamwambia asubiri hukumu ya Mwenyezi Mungu. Ikateremka aya ya mirathi. Ami akaitwa, akaamrishwa awape mabinti theluthi mbili na mama yao thumuni, na kinachobaki ndicho chake. Kisa hiki kimepokewa na Abu Daud na Tirmidhi.

Fanya hesabu, ndugu yangu. Mali ikigawanywa mafungu 24, mabinti wanapata 16, mama 3, na ami aliyekuwa amebeba yote anabaki na 5. Yaani mtu alikwenda kulala akiwa na 24, akaamka na 5, kwa sababu mjane mmoja alikwenda kushtaki.

Mimi aya hii niliisoma utotoni kama hesabu. Maalim alituuliza: mtu amekufa, ameacha mke, mama na ndugu, kila mmoja anapata ngapi? Tukajibu upesi upesi ili tuende kucheza mpira. Hakuna siku tuliambiwa kwamba nyuma ya hesabu hii yuko mwanamke aliyechoka. Wala hatukuambiwa kwamba katika sura hiyohiyo, aya ya 19, waumini wamekatazwa kuwarithi wanawake kwa nguvu. Lakini ni jambo lilelile alilofanyiwa shangazi kule kwa mumewe.

Turudi Afrika Mashariki. Chuoni ukizungumza haki za wanawake, hukosi ndugu wa kukwambia kwamba haya ni mambo ya Beijing, yameletwa na ndege mwaka 1995. Hata nyumbani mke akibishana kidogo, ataambiwa "usiniletee Beijing hapa." Kwanza, kabla wanawake wa dunia hawajaenda Beijing, walikutana hapahapa Nairobi, Julai 1985, na mwenyekiti wa mkutano alikuwa Mkenya, Margaret Kenyatta. Na hata kabla ya hapo, bibi zetu wa Kiislamu wa Mombasa walikuwa wameshaanza kitambo.

Kuna kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kilichotoka mwaka 1989 kwa Kiingereza, kisha kikatolewa kwa Kiswahili, chenye maisha ya wanawake watatu wa Mombasa wakijisimulia wenyewe: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy. Bi Kaje alizaliwa miaka ya mwisho ya karne ya 19 katika ukoo wa waungwana. Bi Mishi alitoka katika kizazi cha watumwa, akawa kungwi wa kuwafunda wasichana. Bi Shamsa, aliyezaliwa 1919, alitoka katika jamaa ya Kiarabu yenye jina. Ukiwasoma watatu hawa mfululizo unaona vizazi vikipokezana kijiti. Wa mwanzo walikuwa na vyama vya lelemama. Sisi tukisikia lelemama tunafikiria ngoma tu na mavazi. Kumbe vile vyama vilikuwa na viongozi wenye vyeo, na michango, na siri, na ushindani wa karamu mpaka watu wanauza vitu vyao vya dhahabu. Wanawake waliofungiwa nyua za ndani walijifunza humo kuitisha mkutano, kuweka hesabu za fedha na kumng'oa kiongozi mbaya. Masheikh walikemea ule ubadhirifu, na sidhani walikosea kuukemea. Lakini ujuzi walioupata haukupotea.

Miongoni mwa masheikh waliokemea mila mbovu alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na kuanzia 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Huyu hakuwa mtu wa kuchezea dini. Na ni yeye huyuhuyu aliyewaandikia wanaume wa Mombasa, kwa Kiswahili chao, kwamba kumnyima binti elimu ni dhuluma. Mwaka 1938 Mombasa ikapata shule ya wasichana wa Kiarabu. Watoto waliopita katika zile shule na madrasa ndio waliokuja kuandika barua baadaye.

Barua yenyewe ni hii. Katika miaka ya 1950, chini ya serikali ya mkoloni, uchaguzi wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kila jamii kivyake. Wanawake wa Kizungu walipiga kura, wa Kihindi vilevile, na mwaka 1957 wanawake wa Kiafrika waliotimiza masharti ya elimu au mali wakapiga pia. Wanawake wa jamii ya Kiarabu wa pwani, ambao ni Waislamu, hawakuruhusiwa. Hoja ilikuwa kwamba dini na heshima yao havikubali. Mwaka 1958 Bi Shamsa na wenzake wakaandika ombi serikalini, wakakusanya saini za wanawake, wengine wakiwa hawajawahi kuonekana barabarani bila buibui na bila mtu wa kuwasindikiza. Hawakusema wanaacha dini. Walisema wao ni Waislamu na ni raia, na kwamba hakuna aya inayowazuia kuchagua mtu wa kuwasemea. Haki hiyo waliipata kabla ya uhuru. Miaka hiyohiyo vyama vya wanawake wa Kiislamu vikaanzishwa Mombasa, vikaacha ngoma polepole na kushika madarasa na misaada. Wengi waliovianzisha walikuwa wametokea lelemama.

Jambo kama hilo lilitokea Dar es Salaam pia. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926, alikuwa Mwislamu wa mjini na mwimbaji katika kikundi cha ngoma. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, alikwenda kwa vikundi vya ngoma kimoja baada ya kingine, na wanawake wakaingia chamani kwa maelfu wakati wanaume wengi walikuwa wanaogopa kupoteza kazi zao za serikali. Baadaye alifungwa kwa kesi ya uhaini, akaachiliwa 1972, akaishi kimya mpaka alipofariki Novemba 2000. Nchi ilichelewa kumkumbuka. Huo ni mjadala wa siku nyingine.

Sasa hapa kwetu Magharibi. Kusema kweli nilidhani sitapata kitu. Sisi watu wa mpakani tumezoea kwamba historia inapita kwetu kwa lori ikielekea Kampala, haishuki. Lakini mwanamke wa kwanza Mwafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, mwaka 1961, ni Priscilla Abwao, mama wa Kiluhya. Mwaka 1962 alikwenda kwenye mazungumzo ya katiba Lancaster House, London, mwanamke peke yake kati ya wajumbe wa Kiafrika. Kisha uhuru ukaja, na Bunge la kwanza la uhuru likakaa bila mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Unajua Bunge hilo lilifanya nini? Mwaka 1969 lilifuta sheria iliyokuwepo tangu 1959 ya kumlazimisha baba wa mtoto wa nje ya ndoa atoe matunzo. Wanaume watupu walikaa, wakapiga kura, wakajifutia deni. Sisi Waislamu tuna msimamo wetu kuhusu zinaa, haujabadilika. Lakini mwenye kuachiwa njaa pale hakuwa mzinifu. Alikuwa mtoto.

Mwisho wa mwaka huohuo wa 1969 Grace Onyango, aliyekuwa tayari ameshakuwa meya wa Kisumu, akachaguliwa mbunge, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Kenya huru. Na uchaguzi uliofuata, wa 1974, ndio uliofika mpaka mlangoni kwetu.  Aliyechaguliwa ni Julia Ojiambo, mtaalamu wa lishe na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri msaidizi nchini Kenya. Mwaka huo wanawake waliochaguliwa nchi nzima walikuwa wanne tu: Grace Onyango, Chelagat Mutai wa Eldoret, Nyiva Mwendwa wa Kitui, na huyu wa kwetu. Mmoja kati ya wanne alitoka Samia! Nimesoma shule ya msingi na sekondari hukuhuku na hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia.

Nikampigia bibi simu usiku huohuo. Nikamuuliza kama anakumbuka.

"Nakumbuka vipi? Si nilimpigia kura," akasema. "Baba yako nilikuwa nimembeba mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha."

Nikamuuliza babu alimpigia nani.

Akanyamaza kidogo. "Babu yako alituambia nyumba nzima tumpigie mwanamume mmoja rafiki yake. Nikamwambia sawa. Lakini zile zilikuwa kura za sanduku, mjukuu wangu. Si zile za mlolongo za Moi. Ndani ya sanduku mume haingii."

Nilicheka mpaka mwenzangu wa chumba akaamka. Mlolongo anaousema bibi ni ule wa 1988, watu walipopangwa foleni nyuma ya picha ya wanayemtaka, kila jicho likiwaona. Hapo ndipo nilipoelewa, kuliko kitabu chochote, kwa nini siri ya kura ni kitu kikubwa kwa mwanamke aliyeolewa.

Bi Julia Ojiambo alilishika jimbo mpaka 1983. Alipomfuata Moody Awori ilikuwa ni wanaume mpaka leo. Funyula haijamchagua mwanamke mwingine kwa kiti hicho. Yeye mwenyewe alirudi kwenye karatasi ya kura mwaka 2007 akiwa mgombea mwenza wa Kalonzo Musyoka. Uchaguzi huohuo wa 2007 kulikuwa na mwanamke Mwislamu, Nazlin Omar, aliyegombea urais wenyewe akiwa na hijabu yake kichwani. Hakupata kura nyingi. Lakini mdogo wangu wa kike alikata picha yake gazetini akaibandika ukutani kwa uji wa unga.

Upande wa mahakama mambo yamekuwa na milima na mabonde. Mwaka 1987, majirani zetu wa Siaya wanakumbuka, Wambui Otieno alishindwa katika kesi ya kumzika mumewe, S.M. Otieno. Mjane alitaka moja, ukoo ukataka lingine, na baada ya miezi mitano ya kesi Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo. Kilichozungumzwa kilikuwa kaburi, lakini kila mjane wa Nyanza na Magharibi alisikia kinachosemwa juu yake. Miaka 18 baadaye, 2005, Mahakama hiyohiyo ya Rufaa ikaamua kesi ya Rono kutoka Bonde la Ufa, wana wa kiume walipotaka mafungu makubwa kwa kuwa mabinti wataolewa. Mahakama ikasema kuolewa si sababu ya kumnyima binti. Hoja ya ami yangu kando ya migomba, neno kwa neno, ilishakataliwa na majaji kabla mimi sijaanza shule.

Sisi Waislamu tuna njia yetu. Sheria ya Urithi ya mwaka 1972 ilipoanza kutumika 1981, Waislamu walilalamika kwamba inawavua mirathi ya dini yao, na mwaka 1990 ikarekebishwa ili mirathi ya Mwislamu ifuate sheria ya Kiislamu. Wazee wetu walipigania hilo kwa nguvu. Tena mwaka 2010 tulipigania Mahakama ya Kadhi ibaki kwenye Katiba, makanisa mengi yakipinga, na Katiba ikatangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, sisi tukiwa tumefunga Ramadhani ya 1431. Kifungu cha 170 kikaiweka mahakama hiyo, na kifungu cha 24 kikasema usawa wa jinsia utapishana na sheria ya Kiislamu mbele ya kadhi katika ndoa, talaka na mirathi kadiri inavyohitajika. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nimesimuliwa jinsi watu walivyosujudu sijda ya shukrani.

Sasa swali langu kwa wazee, kwa adabu zote: tuliipigania mirathi ya Kiislamu ili tuitumie, au ili tuifiche kabatini na kugawa mashamba kwa mila? Maana katika Sigalame yetu binti wa Kikristo anaweza kwenda korti na uamuzi wa Rono mkononi. Binti wa Kiislamu anaambiwa "sisi tuna dini yetu," na ikifika kugawa, dini haionekani.

Hapa dada wa chuoni huniuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini fungu la binti ni nusu ya la kaka yake. Ziko hoja za wanazuoni kuhusu mahari na nafaka ya nyumba, kwamba kaka ndiye mwenye wajibu wa kulisha. Na zipo familia ambazo dada ndiye anayelisha, kama yangu. Mimi sina elimu ya kulimaliza jambo hili katika ukurasa wa jarida. Ninachojua ni kwamba Sigalame ugomvi wetu haujafika hapo. Watu wanashindana kama nusu inatosha, na shangazi yangu alipewa sifuri.

Na wanawake wenyewe wakifika kwa kadhi mara nyingi hawatoki mikono mitupu. Mtafiti Susan Hirsch alikaa katika mahakama za kadhi za pwani, akaandika mwaka 1998 kwamba walalamikaji wengi ni wanawake na mara nyingi wao ndio wanaoshinda. Wengi wetu tunadhani ile ni mahakama ya wanaume. Tatizo ni safari ya kufika pale: nauli, karatasi ya chifu, na kuitwa mwanamke aliyewashtaki ndugu zake.

Ya bungeni nitayapita haraka. Katiba ilisema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanaochaguliwa. Bunge likashindwa kutunga sheria yake mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje, na hakuvunja; Bunge lililochaguliwa 2022 nalo halikufikia kiwango. Mwaka 2021 Martha Koome akawa Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke. Kwa upande wetu, 2017 Sophia Abdi Noor alichaguliwa mbunge wa Ijara, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa jimboni Kaskazini Mashariki, na Mishi Mboko akachukua Likoni. Busia kaunti tumekuwa na Florence Mutua kisha Catherine Omanyo kama wawakilishi wanawake. Viti viko, alhamdulillahi. Mawe ya mpaka shambani ni habari nyingine.

Nikarudi nyumbani kwa Idd. Usiku wa kuamkia Idd nilikuwa nimeandika hesabu kwenye karatasi ya daftari, kama maalim alivyotufundisha. Mke akiwepo na watoto, anapata thumuni. Thumuni ya eka 8 ni eka 1, hiyo ni ya bibi. Zinabaki eka 7. Wana watatu, kila mmoja mafungu mawili, ni 6, binti fungu moja, jumla 7. Hesabu ikatoka bila hata kipande cha kubaki: kila mwana eka 2, shangazi eka 1. Nilikaa nikaitazama. Kama babu angeupanga mwenyewe usingekuwa rahisi zaidi.

Baada ya swala ya Idd, watu wakiwa wamekula pilau na roho zimetulia, nikamwomba baba na ami zangu ruhusa ya kusema. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikasoma aya ya 11 ya Surat An-Nisaa, nikaeleza kisa cha mjane wa Sa'd, nikaweka karatasi mezani. Ami mdogo akasema watoto wa chuo wanarudi na mambo ya Beijing. Ami mkubwa akaichukua karatasi, akavaa miwani, akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Na wewe unajua kipande cha baba yako kitapungua?"

Nikamwambia najua. Kwa sasa kila mmoja ana karibu eka 2 na theluthi mbili. Itabaki 2.

Baba yangu hakusema lolote. Alikuwa anatazama nje, kule kwenye migomba. Mwishowe ami mkubwa akasema jambo hili litazungumzwa tena mbele ya imamu, mahindi yakishavunwa, na saveya aambiwe asipeleke karatasi zake ofisini kwanza.

Shangazi alikuwa jikoni muda wote huo na bibi, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Wakati wa kuondoka aliniita kando akaomba ile karatasi. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso pale anapofunga pesa za omena, akapanda boda boda kurudi Busia.